Shangazi, bendera ya mwezini ilipepeaje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nakaa Uyole, mwanangu yuko la tatu. Juzi umeme umekatika tukawa nje tunaota moto, akatazama mwezi akauliza kama kweli watu walishafika kule, nikasema ndio, mjomba wake akadakia kwamba uongo mtupu, zile picha zilipigwa studio, maana bendera inapepea na kule hakuna upepo. Nikakosa la kusema. Mtoto kila siku ananidai jibu, nimweleze vipi?
Mama Wawili, Uyole

JIBU: Marahaba mama, poleni na baridi. Mjomba kapatia nusu, mwezini upepo hakuna kweli, na ndo maana waliotengeneza ile bendera walijua itaning'inia tu kama kanga kwenye kamba, wakaipitishia fimbo kwenye upindo wa juu. Usimhubirie mtoto. Shona upindo kwenye kitambaa, pitisha kijiti, kifunge kwenye mti mrefu halafu muingie ndani mfunge mlango, mwambie aushindilie ule mti kwenye ndoo ya mchanga huku anauzungusha, ataona kitambaa kinavyorukaruka bila upepo wowote. Na mjomba awepo!

Hapo sasa mpe stori. Apollo 11, ile safari ya Wamarekani ya kwanza kushusha watu mwezini, walikuwa watatu, Armstrong na Aldrin wakashuka, Collins akabaki anazunguka juu na chombo cha kuwarudisha (huyu huwa namwonea huruma, safari yote ile na hajakanyaga). Vitabu vinasema Julai 20, 1969, lakini kwa saa zetu Armstrong anaweka mguu chini ilikuwa Jumatatu tarehe 21, saa kumi na mbili kasoro dakika nne asubuhi, yaani huko kwenu watu ndo wanaamka kuwasha moto.

Umbali ni kilomita kama 384,000 ila namba hiyo haitamwingia, mwambie basi likitembea 80 kwa saa usiku na mchana, hakuna mizani hakuna kuchimba dawa, litafika baada ya siku 200, wao walitumia nne na masaa kadhaa. Na gunia la viazi la kilo 90 kule ukilibeba utalisikia kama kilo 15 tu, watoto hapo lazima wacheke.

Mkipata nauli mpeleke Mbozi akakiguse Kimondo, lile dude la chuma la tani kama 16. Si kipande cha mwezi, asije akachanganya, ila kilitoka huko huko angani na anaweza kukishika kwa mkono wake.

Mjomba akiendelea kubisha muulize kuhusu vile vioo walivyoviacha kule, maana mpaka leo wanasayansi wanavipiga mwanga wa leza kutoka huku chini na unarudi.