Kwotabeki wa chuo: asilimia ya pasi inatosha?

SWALI: Mhariri, namfuatilia kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi katika futiboli ya Kimarekani) wa chuo kimoja huku Marekani. Msimu uliopita pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 58, sasa ni 67. Je, amekomaa kiasi cha kucheza NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo?

JIBU: Usiishie kwenye asilimia, ndugu msomaji. Kwanza ondoa pasi fupi zinazopokelewa nyuma ya mstari wa kuanzia. Hizo hupandisha hesabu bila kumpima mrushaji. Kisha tazama jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yardi 10, zikiwa zimebaki yardi 7 au zaidi. Hapo ulinzi unajua kabisa kwamba pasi inakuja.

Rudisha video nyuma, uangalie miguu yake. Wapinzani wakimkaribia, aliyekomaa husogea hatua moja au mbili mbele, katikati ya wanaomkinga, macho yakibaki mbali kwa wapokeaji. Asiyekomaa huwatazama wanaomjia, au hukimbilia pembeni mapema mno. Akirusha huku ameegemea nyuma, mpira hupaa juu ya mpokeaji na kuangukia mikononi mwa beki. Kosa hili huwaangusha wengi, maana kwenye NFL nafasi hufungwa haraka zaidi: mara nyingi mpira lazima utoke mkononi kabla mpokeaji hajageuka.

Kupanda ghafla kunawezekana. Joe Burrow, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), alitoka asilimia 57.8 na pasi 16 za tachidauni (za kufunga) mwaka 2018 hadi 76.3 na pasi 60 mwaka 2019, akachaguliwa wa kwanza kuingia NFL mwaka 2020. Ila alikuwa na wapokeaji hodari kweli, Ja'Marr Chase na Justin Jefferson. Kijana wako anawarushia akina nani?