Kwa anayeanza kujitolea zimamoto mtaani: dakika kabla gari halijafika

Ukijiunga na kikundi cha kujitolea cha mtaa wako hapa Dar es Salaam, iwe Manzese, Buguruni au Mbagala, usitarajie kushika mpira wa maji. Moto ulioshika nyumba nzima ni wa askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wenye mavazi yake na mitungi ya hewa mgongoni. Wewe una zile dakika za mwanzo, na jukumu la kuhakikisha gari lao likifika halizunguki kutafuta njia.

Kwa hiyo anza na njia. Zunguka na mjumbe wa shina, mkiwa na kamba ya kupimia. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, na pembeni askari wanahitaji nafasi ya kufungua milango na kutoa mipira. Uchochoro usiofika mita 3.5 uhesabu haupitiki. Tazama na juu pia: nyaya zilizolegea na mabati ya vibanda yaliyochomoza njiani. Andika palipo na kisima, simtanki kubwa la shule au msikiti, na bomba la zimamoto kama lipo. Likiwa limefukiwa na kifusi, peleka taarifa kituo cha zimamoto mapema, siyo siku ya moto.

Namba ya kupiga ni 114. Watu wengi hapa mjini huelekeza kwa majina ya wenyeji, "nyuma ya kwa Mama Asha", na askari wa zamu hawezi kujua ni wapi. Taja barabara kubwa, kituo cha daladala au mwendokasi, kisha upande: "Barabara ya Morogoro, Manzese, kituo cha Argentina, mkono wa kushoto ukitokea Magomeni." Sema kinachoungua ni nini, kama kuna watu ndani, kama kuna mitungi ya gesi. Usikate simu mpaka uambiwe. Kisha mtume kijana mmoja mwenye bodaboda akasimame barabarani kulipokea gari.

Umeme ukatwe kabla ya tone la maji kumwagwa. Kwenye nyumba za kupanga hapa ndipo mambo huharibika: swichi kuu iko chumba cha mpangaji aliyeenda kazini na kufunga mlango, au imezibwa na kabati. Jua mapema kila nyumba swichi yake iko wapi na ufunguo anao nani. Waya ukianguka kutoka kwenye nguzo, rudisha watu mita 10 na uwapigie TANESCO. Usiusogeze kwa mti wala kwa ufagio.

Gesi ya kupikia inataka akili iliyotulia. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, huingia chini ya kitanda na kupita chini ya mlango hadi kwa jirani. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, hata kuzima, kwa sababu cheche ndogo ya ndani ya swichi inatosha. Funga koki kwa kuizungusha kulia, fungua milango, watoe watu nje. Kama moto unatoka kwenye koki na haifungiki, usiuzime: gesi itaendelea kutoka bila kuungua, itajaa chumbani, kisha italipuka yote kwa pamoja. Na mtungi unaochemshwa na moto wa pembeni usiusogelee kabisa. Ondoa watu, wakae mbali nyuma ya ukuta imara.

Karai la chipsi likishika moto, maji ni hatari kuliko moto wenyewe. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke unaochukua nafasi karibu mara 1,700 zaidi, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka usoni mwa mpishi. Zima jiko, funika kwa mfuniko wa bati, acha mpaka lipoe. Ukifunua kuchungulia, linawaka tena.

Mtungi wa kuzimia moto, ule wa poda wa kilo 6, huisha chini ya nusu dakika, usiupoteze kwa kupulizia ndimi za moto. Hakikisha mshale wa kipimo chake uko kwenye kijani, vuta pini, simama mita 2 au 3 mlango ukiwa nyuma yako, lenga kwenye kitako cha moto, bonyeza huku ukifagia kushoto na kulia. Ukiisha na moto bado upo, toka.

Usiingie kwenye moshi. Moshi huua kabla moto haujafika, na kitambaa chenye maji hakizuii sumu yake. Wazuie pia wanaovunja madirisha na kuezua mabati wakidhani wanasaidia. Hewa mpya huuchochea moto. Funga mlango wa chumba kinachoungua kama inawezekana. Ndoo zijazwe nusu, maana ndoo ya lita 20 ina kilo 20 na mikono huchoka upesi, na maji hayo mwagieni kwanza nyumba ya jirani ambayo haijashika.

Lori la mafuta likipinduka, kazi yako ni moja tu: kuwafukuza watu, bila kuona aibu. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa pale Msamvu baada ya umati kukusanyika kuchota petroli. Pikipiki yoyote isiwashwe karibu.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na saa mapema kabla hajavimba, nguo iliyoganda kwenye ngozi iache, funika kwa kanga safi. Dawa ya meno, mayai na mafuta, hapana, hata bibi akisisitiza.

Askari wakifika, mtafute kiongozi wao umpe mambo matatu: nani hajaonekana, umeme umekatwa au la, mitungi iko chumba gani. Halafu rudi nyuma na uzuie umati. Wakishaondoka, magodoro yaliyoungua yabaki nje, mbali na ukuta, yakiwa yamelowa. Sponji huficha moto ndani na unaweza kuwaka upya usiku.