Haja kubwa kwenye pampasi tu: maswali ya wasomaji kuhusu usonji na choo

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 5 na ana usonji. Haongei, ila huonyesha anachotaka. Nikimpeleka kwenye poti anakojoa vizuri. Haja kubwa ndiyo hataki: ananiletea pampasi, nikimvisha anajibanza nyuma ya mlango, anasimama, anamaliza. Nikimnyima, anabana hata siku 3. Choo chetu ni cha shimo, kiko uani. Bibi yake anasema ni jeuri, achapwe. Nifanyeje?
Mama, Morogoro

JIBU: Pole, mama. Ila mwanao amefika mbali kuliko unavyodhani. Anajua haja inapokuja, anaweza kuizuia, na anakuja kukuomba. Hayo ndiyo magumu kufundisha, naye anayo tayari. Kilichobaki ni mahali na mkao. Mwambie bibi hivyohivyo: huyu si jeuri, ameshika utaratibu mmoja na kuubadilisha kunamtisha. Ukimchapa atazidi kubana.

Anza na tumbo. Choo kikikaa siku 3 kinakauka, kikitoka kinauma, na mtoto aliyeumia leo atabana zaidi kesho. Kama anapata choo chini ya mara 3 kwa wiki, au kinatoka kama cha mbuzi, mpeleke kituo cha afya kabla ya kumfundisha lolote. Choo cha majimaji kinachochafua chupi kisikudanganye ukadhani anaharisha. Mara nyingi kinapenya pembeni mwa choo kigumu kilichoziba. Akiandikiwa dawa ya kulainisha, usiikatishe mara tu choo kinapolainika, kwa sababu utumbo uliotanuka huchukua wiki nyingi, hata miezi, kurudi hali yake. Maji, papai na maharage vinasaidia choo kisiwe kigumu, lakini choo kilichokwisha kuganda hakitoki kwa papai. Na tafadhali, usimwingize kipande cha sabuni: kinaunguza utumbo, na kinamwongezea hofu ileile unayotaka kuiondoa.

Tumbo likitengemaa, chukua daftari. Kwa siku 5 andika saa anayokula na saa anayoleta pampasi. Watoto wengi husikia haja dakika 15 hadi 30 baada ya mlo, maana tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huanza kusukuma. Ukishaijua saa yake, ndiyo saa ya kazi.

Sasa ihamishe pampasi, usiinyang'anye. Kwanza poti ikae palepale nyuma ya mlango, naye aendelee kusimama na pampasi yake kando ya poti. Akizoea, akalie poti huku amevaa pampasi. Nyayo zote mbili ziguse chini na magoti yapande juu kidogo ya nyonga. Miguu ikining'inia hawezi kusukuma. Halafu toboa pampasi kwa chini, tundu la ukubwa wa sarafu, kabla hujamvisha. Ukikata utaona pamba na chembechembe zinazovimba zikilowa: zikung'ute, kisha bandika selotepu kuzunguka kingo zisimwagike kwenye ngozi yake. Tundu likue kidogo kidogo hadi choo kianguke chenyewe kwenye poti, na mwishowe abaki na mkanda wa kiunoni tu. Usivuke hatua mpaka ameifanya mara 3 bila kukataa. Akikataa, rudi hatua moja nyuma, si mwanzo kabisa. Wengi wanaokwama hapa ni kwa sababu walibadilisha mahali, mkao na pampasi siku moja.

Akae dakika 3 hadi 5, zisizidi. Kikitoka, mpe zawadi papo hapo, kabla hata ya kumtawaza: nusu biskuti, au kitu kingine anachokipenda sana na asichokipata saa nyingine yoyote. Ukimpa baada ya kunawa mikono, ataelewa umemlipa kwa kunawa. Neno liwe moja, "choo", na watu wote nyumbani walitumie hilohilo, dada wa kazi na bibi wakiwemo. Akijichafulia, sema "choo", mpeleke kwenye poti, msafishe kimyakimya. Kelele humtisha mmoja, na mwingine huzipenda akarudia ili azisikie tena.

Shimo ndilo la mwisho. Giza, harufu, nzi na tundu lililo wazi vinatisha. Kila siku mwache akuone ukimwaga choo cha poti shimoni, kisha hamishia poti chooni huku tundu limefunikwa. Kuchuchumaa mfundishe kwanza uani pakavu, akishika kigingi kilichosimikwa imara, kisha chora alama za nyayo kwa rangi pande mbili za tundu. Tundu likiwa pana, asilitumie peke yake.

SWALI: Binti yangu wa miaka 6 mwenye usonji anatumia choo vizuri nyumbani, lakini shuleni hakojoi tangu asubuhi hadi arudi. Kule ni choo cha kuflashi.
Baba, Mombasa

JIBU: Baba, mtoto mwenye usonji mara nyingi hujifunza choo kile alichofundishwa, si choo kwa jumla. Shule ni somo jipya. Mpeleke siku isiyo na wanafunzi, na mchukulie vitu vya nyumbani: kopo lake la kutawazia, na picha zilezile za hatua zilizobandikwa usawa wa macho yake. Anayeziba masikio huenda anaogopa kishindo cha maji. Mwombe mwalimu aflashi baada ya mtoto kutoka na mlango kufungwa, na ampeleke darasa likiwa ndani, si wakati wa mapumziko. Msimpunguzie maji ya kunywa ili avumilie. Mkojo unaokaa sana huleta maambukizi. Akilia anapokojoa au akiwa na homa, apimwe mkojo siku hiyohiyo.