Jibu: NSE ya mjomba imepanda, ndiyo basi tena?

Habari za jioni ndugu, na pole kwa kuuguza. Umesema mjomba ana saratani ya mapafu ya chembe ndogo, NSE (kipimo cha damu kinachosaidia kufuatilia saratani hiyo) ilikuwa 21, na baada ya dozi ya pili ya kemo imekuja 38.

Kabla hujakata tamaa, uliza damu ilifikaje maabara. NSE imo pia ndani ya chembe nyekundu za damu. Zikipasuka njiani, kipimo kinapanda bure. Damu ya baba yangu mdogo ilitolewa hapa Dodoma asubuhi, ikapelekwa Dar kabla seramu, yaani majimaji ya damu, haijatenganishwa na chembe. Tulipobana, fundi akakiri seramu ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, badala ya njano. Ikarudiwa, ikaja chini ya ile ya kwanza. Na mama mdogo alishakesha wiki nzima!

Maabara ni ile ile? Mashine zikitofautiana, usilinganishe namba.

CEA uliyoitaja, kipimo kingine cha damu cha kufuatilia saratani, hupanda hata kwa mvutaji sigara asiye na saratani, achana nayo kwanza. Daktari wetu alitanguliza CT-skani, hatua ya ugonjwa, na kama mzee anakula na kutembea mwenyewe. Mimi si daktari, nimeuguza tu. Kwa namba moja siwezi kukwambia amebakiza muda gani. Mjomba anakula?