Ma'mdogo alituma hela, mimi sikuomba

Ma'mdogo alinipigia saa mbili usiku. "Imefika?" akaniuliza kabla hata sijamwamkia. Nini kimefika? Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia akimwambia baba mdogo pembeni, "Anasema hajui."

Alikuwa ametuma shilingi 80,000. Ujumbe ulitoka kwenye WhatsApp yangu mwenyewe, wenye picha yangu na jina langu: "Shikamoo ma'mdogo, bumu bado halijatoka na kesho nina mtihani, naomba unikwamue. Laini yangu ina shida, tuma kwenye namba hii." Jina lililotokea kwenye muamala hakulijua, ila alikuwa ameshaambiwa asishangae.

Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo, Dar es Salaam, na bumu ndiyo hela yetu ya mkopo wa wanafunzi. Mchana wa siku hiyo nilikwenda steshenari ya nje ya geti kuprinti kazi iliyotakiwa saa kumi. Faili lilikuwa kwenye WhatsApp, kwa hiyo nikaunganisha simu na kompyuta ya pale, nikaprinti kurasa 14, nikalipa, nikatoka mbio. Sikutoka kwenye akaunti. Hakuna aliyenidukua kwa ufundi wowote, jamani. Nilimwachia mtu nyumba wazi, taa zinawaka.

Kilichoniuma zaidi ya hela ni ile "naomba unikwamue". Hilo ni neno langu. Mwizi alirudi nyuma kwenye mazungumzo yetu, akasoma ninavyomwamkia na ninavyolalamika bumu likichelewa, halafu akaandika kama mimi. Ndiyo maana ma'mdogo, ambaye hatapeliki kirahisi na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", hakushtuka.

Siku hizi nikiongea na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu usalama wa mtandao, lazima mmoja aseme: "Mimi sina hela, nani atahangaika na mimi?" Huna hela, sawa. Ila una watu wanaokupa hela ukiomba bila kukuhoji. Una namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ambayo umeshaisambaza kwenye fomu nusu ya mji, una cheti cha kidato cha sita kwenye barua pepe, una namba ya akaunti ya benki unayopokelea mkopo. Mwizi anavitaka hivyo, na wewe ndiye mwenye funguo.

Kwa hiyo nikiulizwa tuanzie wapi, nasema barua pepe. Sio Instagram wala WhatsApp. Jaribu kusahau nywila ya akaunti yako yoyote, uone kiungo cha kuibadilisha kinatumwa wapi. Mara nyingi ni kwenye barua pepe. Aliyeishika hiyo hana haja ya kubahatisha nywila zako nyingine. Atabonyeza "nimesahau" huku akinywa chai. Lakini ndiyo hiyo hiyo watu wanaifungua kwenye kompyuta ya steshenari, kisha wanaiwekea nywila waliyoitumia tangu sekondari: jina la shule na mwaka wa kuhitimu.

Weka nywila ndefu isiyotumika popote pengine. Maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo wewe tu ndiye unajua yamekutana wapi, yanatosha na yanakumbukika. Hapo kwenye "isiyotumika popote pengine" ndipo watu wanachoka kunisikiliza, naona macho yao. Lakini fikiria: mwaka 2012 LinkedIn iliibiwa nywila, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba akaunti zilizoguswa ni zaidi ya milioni 100. Mwenye orodha kama hiyo haishii kuijaribu LinkedIn. Anapeleka barua pepe ile ile na nywila ile ile kila mlango, mpaka mmoja ufunguke. Tovuti ya Have I Been Pwned itakuonyesha kama barua pepe yako imo kwenye data zilizokwisha kuvuja. Wengi wakiangalia mbele yangu wanacheka, halafu wanaacha kucheka.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kufuli la pili juu ya lile la kwanza, kwenye barua pepe na kwenye WhatsApp. Dakika tano tu. Na zile tarakimu sita zinazokuja kwa meseji ni zako peke yako. Kuna mchezo unaozunguka sana kwenye magrupu ya darasa: CR, yaani kiongozi wa darasa, anakuandikia, "Samahani, nimekosea nimetuma kodi ya tarakimu sita kwenye namba yako, nirudishie." Sio CR. Ni mtu aliyeshaiteka akaunti ya CR, na sasa anajaribu kuingia kwenye yako kwa simu nyingine. Ukimpa, unatolewa nje, na jioni hiyo hiyo watu wako wanaanza kuombwa hela.

Kuhusu programu za bure, nitasema ninachojua mtasonya. Najua SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, ni ghali na utafiti wako haungoji. Lakini faili lililotoka Telegram likikuelekeza "zima antivairasi kwanza ndipo usakinishe", hebu lisome tena polepole. Anakuomba umfungie mbwa ili aingie. PSPP na R ni za bure kabisa, zinafanya sehemu kubwa ya kazi ile ile, na ukikwama zipo video kibao.

Na lile dirisha la kusasisha Windows unalolifunga kila siku, liache lifanye kazi usiku ukiwa na Wi-Fi ya chuo. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kinachoitwa WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai malipo. Microsoft ilikuwa imeshatoa sasisho la kuziba tundu kilikopitia mwezi Machi. Karibu miezi miwili watu walikuwa wanabonyeza "baadaye".

Sasa, ikikukuta. Usianze kwa kuandika status. Wapigie kwa sauti watu watatu au wanne ambao mwizi angewaomba kwanza, maana kila dakika kuna mtu anaingiza namba ya siri. Ndani ya WhatsApp fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na utoe kila usichokitambua. Usidhani kuzima simu kunatosha, kwani kompyuta iliyounganishwa inaendelea hata simu ikiwa imezimwa. Kama hela imeshatumwa, aliyetuma apige huduma kwa wateja ya mtandao wake papo hapo. Ikikutwa haijatolewa, kuna matumaini ya kuizuia. Ya ma'mdogo ilikuwa imeshatolewa. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na hata kama hujaibiwa chochote, piga *106# leo uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mwenzangu mmoja alikuta mbili asizozijua.

Nilimlipa ma'mdogo kidogo kidogo, bumu hadi bumu. Naye akatunga utaratibu wake mwenyewe: ukimwomba hela kwa maandishi, anakupigia na kukuuliza jambo la nyumbani ambalo halijawahi kuandikwa kwenye simu. Mwezi uliopita nilikwama kweli, nikamwomba 20,000. Akapiga. "Yule mbuzi aliyekula kitenge changu cha sendofu, tulimwita nani?"

Nilikuwa nimesahau. Hakutuma.