Maswali yenu: Mungu katoka wapi, na ulimwengu lazima uwe na muumba?

Asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na habari za leo kwa wote. Toka niligusia habari ya mwanzo wa ulimwengu simu yangu haijapumzika, wengine mmenikamata mpaka pale ninaponunua samaki Deep Sea hapa Tanga, kwa hiyo leo nayajibu yote mahali pamoja. Mengi yanafanana, nimeyachambua nikabakiza haya.

*Mwalimu shikamoo. Barazani kila siku tunaambiwa kila kitu lazima kina aliyekitengeneza, meza ina fundi, ngalawa ina fundi. Haya Mungu naye katengenezwa na nani? Nikiuliza naambiwa nakufuru. (Kijana, Makorora)*

Marahaba mwanangu. Hujakufuru, umesikia sentensi mbovu ukauona ubovu wake. Mtu akishasema KILA kitu kina muumba basi amemuingiza na Mungu humo humo, na wewe ukimuuliza nani kamuumba Mungu unamrudishia maneno yake mwenyewe, alafu yeye anakasirika. Anayetakiwa kurekebisha ni yeye.

Manake wale waliolifikiria hili jambo vizuri hawakusema hivyo. Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alisema hivi: kila kilichoANZA kuwepo kina sababu ya kuanza kwake, ulimwengu umeanza, kwa hiyo ulimwengu una sababu. Ukisoma haraka unaona ni kitu kile kile lakini neno "kilichoanza" ndo limebeba mzigo wote. Ngalawa ilianza, mimi nilianza, mnazi ulianza. Mungu kwa wanaomwamini hakuanza, hakuzaa wala hakuzaliwa, na kwa ndugu zetu Wakristo Zaburi ya 90 inasema tangu milele hata milele ndiwe Mungu, kwa hiyo lile swali halimfikii.

Sasa najua utasema huo ni ujanja wa maneno, mmemtoa Mungu kwenye sheria kwa nguvu. Ngoja. Chukulia mkeo anataka sukari akaenda kuazima kwa jirani, jirani naye hana akaenda kuazima kwa mwenzie, na yule kwa mwingine, Ngamiani nzima. Kama kila mtu ni wa kuazima tu basi hata ungeongeza nyumba mpaka Pangani sukari haifiki kwenye chai yako, lakini chai imefika mezani na ina sukari, maana yake kuna mahali alikuwepo mtu mwenye sukari yake mwenyewe. Huyo ukimuuliza "na wewe umeazima kwa nani" hujamuelewa ni mtu wa namna gani. Mimi hoja hii naikubali, na naikubali kwa moyo wote. Ila nakuomba uone na mpaka wake: inasema kuna mwenye sukari, haijasema bado ni nani. Hapo kuna swali lingine linakuja huko chini.

*Mwalimu wetu anasema ile nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang), kwamba ulimwengu ulitanuka toka kwenye hali ya moto na msongamano, imemaliza habari ya Mungu. Ni kweli? (Mwanafunzi wa kidato cha sita)*

Hapana, na tena historia yake yenyewe inashangaza. Mmoja wa watu wa kwanza kuileta hiyo nadharia alikuwa padri! Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji na mtu wa hesabu na fizikia, mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, miaka miwili baadae Edwin Hubble kule Marekani akatoa vipimo vinavyoonyesha galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zilizo mbali zaidi ndo zinazotukimbia kwa kasi zaidi, na 1931 Lemaître akasema basi tukirudisha nyuma tutafika kwenye kitu kidogo mno kilichobeba vyote, akakiita atomu ya mwanzo.

Watu wengi walimbishia, baadhi wakihisi kanuka harufu ya dini. Alafu 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wanahangaika na antena yao kubwa kule New Jersey, inatoa mvumo usioisha usiku na mchana kila upande wanaoielekeza, wakafikiri ni njiwa waliojenga humo ndani na kuchafua, wakawatoa njiwa wakasafisha kinyesi, mvumo uko pale pale. Ulikuwa ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, wakapewa Nobeli mwaka 1978. Wale wa umri wangu mnakumbuka TV za zamani stesheni ikikatika zinaonyesha chenga, basi sehemu ndogo ya zile chenga ilikuwa ni hayo mabaki, yamesafiri karibu miaka bilioni 13.8 mpaka sebuleni kwako.

Lakini nawaambia na upande wa pili, hasa nyie wenzangu waumini mnaokimbilia kusema sayansi imethibitisha Mwenyezi Mungu. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alitoa hotuba akaihusisha hiyo nadharia na uumbaji, na aliyekosa raha ni Lemaître mwenyewe! Yeye aliona nadharia yake ni ya fizikia, mwenye dini na asiye na dini wote waipime sawa. Mi nipo naye kabisa. Nadharia inaeleza ulimwengu ulivyotoka kwenye hali ya moto na msongamano mpaka hapa ulipo, kabla ya hapo hesabu zetu zinagoma. Ukimfunga Mungu kwenye nadharia ya leo, kesho wakiibadilisha utamfungua umpeleke wapi?

*Je kabla hajaumba chochote, Mungu alikuwa anafanya nini muda wote huo? (Dada, Chumbageni)*

Swali la zamani sana hili dada yangu. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini huko inakoitwa Algeria leo, aliulizwa zaidi ya miaka 1600 iliyopita, akajibu kwamba wakati nao ni kitu kilichoumbwa, kwa hiyo hakukuwa na "muda wote huo". Sisi wa Ngamiani barabara zetu ni namba, ukitoka ya 12 unarudi ya 11 ya 10 mpaka unafika ya 1, ukiuliza barabara ya sifuri iko wapi watu watakushangaa. Haina maana ukipita hapo dunia imeisha, ila kilichopo huko si barabara ya namba tena. Na "kabla" nayo naiona hivyo.

*Mimi siamini. Nyie msururu wa sababu mnaukomesha kwa Mungu, mimi naukomesha kwa ulimwengu wenyewe, upo tu. Tofauti iko wapi? (Fundi baiskeli, hakutaka kutaja mtaa)*

Hili ndo swali lililonikosesha usingizi, ahsante kwa kuuliza bila matusi.

Mwaka 1948 kwenye redio ya BBC, Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza asiyeamini, alibishana na padri Frederick Copleston, na Russell alisema unachosema wewe: ulimwengu upo tu, basi. Akaongeza kitu kikali, kwamba kila mtu ana mama yake lakini haina maana wanadamu wote kwa ujumla wana mama mmoja wa jumla yao. Yaani kila kitu ndani ya ulimwengu kikiwa na sababu haifuati kwamba ulimwengu mzima una sababu.

Nimelikalia hili miaka. Jibu langu nililipata kwenye mkonge. Chukua kamba ya mkonge, kila uzi ndani yake ni mfupi lakini kamba ni ndefu, hapo Russell kapatia, sifa ya sehemu haikuhamia kwenye kitu kizima. Ila kila uzi umetoka kwenye mmea, na kamba nzima nayo imetoka kwenye mmea, huwezi kusema nyuzi ndo zimetoka shambani ila kamba ipo tu. Kwa hiyo kuna sifa zinahama na kuna zisizohama, na ugomvi wetu mimi na wewe fundi ni huu: kutegemea kingine ni sifa kama ufupi au ni sifa kama kutoka shambani? Mimi naona ni ya pili. Ulimwengu nikiutazama naona kitu ambacho kingeweza kuwa vingine au kisiwepo kabisa, una vipimo vyake na sheria zake ambazo hazijielezi zenyewe, na kitu cha namna hiyo sioni kama kinafaa kuwa mwenye sukari. Mungu ninayemwamini hawezi kutokuwepo, ndo maana naukomesha msururu kwake.

Lakini sikudanganyi kwamba nimekubana. Unaweza kunijibu kwamba "hawezi kutokuwepo" ni neno nililompa mimi, na mabishano yanaendelea. Hata kina Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba huko Hispania aliyefariki 1198, alimjibu Ghazali kwa kitabu kizima akiona ulimwengu unaweza kuwa wa milele na bado unamtegemea Mungu, na Tomaso wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne iliyofuata, akasema akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulianza, hilo tunalishika kwa imani. Hao ni watu wa sala, fundi, na hawakukubaliana.

*Nimesoma kwamba sayansi ya kwantamu, ile ya chembe ndogo mno, imeonyesha vitu vinatokea toka patupu bila sababu. Sasa muumba wa nini? (Msomaji, Muheza)*

Angalia vizuri hiyo "patupu". Alfajiri ukisimama Raskazone bahari imetulia kama kioo, alafu ghafla povu linatokea linapotea. Huwezi kusema povu limetoka kwenye utupu, bahari ipo pale. Patupu pa wanafizikia napo pana nishati, pana sheria, pana nafasi. Chembe zinazozuka humo zinazuka kwa kanuni zinazojulikana. Hiyo ni fizikia nzuri na naipenda, ila haijajibu kwa nini kuna bahari.

*Mwalimu nakuheshimu lakini unawafungulia watoto mlango wa shetani. Mtume (SAW) katuambia tukifika kwenye "nani kamuumba Mola wako" tujikinge na tuache. (Mzee wangu mmoja wa hapa mjini)*

Shikamoo mzee wangu. Hadithi naijua na naiamini, imo kwa Bukhari na Muslim. Mi naielewa kwamba wasiwasi usio na mwisho lazima ukatwe mahali, manake nani kamuumba, na huyo kaumbwa na nani, na huyo je, hiyo ni njia isiyofika popote, na ndo kile nilichosema kwenye sukari. Siielewi kwamba mtoto akiuliza apigwe. Mimi nilipigwa bakora sita nikiwa na miaka tisa kwa swali hili hili, aliyenipiga Mungu amrehemu, nikakaa kimya miaka mingi nikifikiri imani yetu haina jibu, kumbe kina Ghazali walishakesha nalo na mimi sikuambiwa. Kile kimya kilinidhuru mzee wangu kuliko lile swali.

*Tuseme nimekubali kuna chanzo. Ndo huyo anayesikia dua yangu? (Hakuandika jina)*

Hoja ya chanzo haikufikishi huko. Inakupeleka mpaka mlangoni tu, kuhusu dua utahitaji wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, na maisha, na kusujudu kwenyewe. Mimi nimefika kwa njia hiyo, siwezi kukufanyia hesabu yake ubaoni.

*Mwanangu wa miaka sita kaniuliza Mungu katoka wapi, nikamwambia kalale. Nimjibu nini? (Mama, Kange)*

Mwamshe kesho mapema umwambie Mungu hakutoka popote, alikuwepo. Atakuuliza "kivipi?" Usiogope, mwambie hata mama anajiuliza, alafu mkae wote wawili mnywe uji.