Mama wa miaka 71 kwenda Mbeya kwa treni ya Tazara: mpandishe, na hii ndiyo sababu

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, mama yako wa miaka 71 anataka kutoka Dar kwenda Mbeya kumwona dada yake, umpandishe basi au treni. La pili, kama ni kweli reli ya Tazara, hii ya Tanzania na Zambia, ni "gofu la Mchina lililobaki kwa ajili ya wazungu wapiga picha", kama alivyoandika mdau mmoja hapo juu. Mimi nimezaliwa Mlimba, nimekulia Makambako na sasa naishi Mbeya. Treni hiyo nimeipanda tangu nabebwa mgongoni, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Mpandishe treni. Basi litamfikisha mapema, hilo halina ubishi, lakini mama wa umri huo akikaa kitini zaidi ya saa kumi na mbili, miguu inavimba na chooni anakwenda pale dereva anapotaka. Kwenye treni ana kitanda, anajinyoosha, anatembea kwenye ujia, choo kiko mwisho wa behewa. Safari inakula kama siku nzima na usiku mmoja ndani yake. Kama hamna haraka, huo usiku mmoja ni faida kwenu.

Na mna bahati kwamba mnatokea Dar. Wengi hawalijui hili. Treni inaondoka Dar alasiri, jioni inakatiza pori lililokuwa Selous, ambalo sasa sehemu kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mkiwa na bahati mtaona twiga wamesimama karibu na reli kama wanangoja mtu ashuke. Ifakara mnapita usiku. Mlimba ni alfajiri. Kutoka hapo jua linachomoza mkiwa mnapanda mlima, na kipande hicho ndicho moyo wa reli yote. Ukitokea Mbeya kwenda Dar mambo yanageuka: unaondoka mchana, Makambako giza limeshaingia, na mlima wote unaushuka umelala. Nimekutana na watu waliosafiri mara tano na hawajawahi kuliona daraja la Mpanga, lile la nguzo ndefu hapo mlimani.

Sasa hilo la gofu. Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Shaba ya Zambia ilikuwa inapita huko huko kwenda baharini, kwa hiyo Rais Kaunda wa Zambia alijikuta uchumi wa nchi yake uko mikononi mwa watu waliokuwa wakipigwa vita na ndugu zake. Njia ya kupitia Dar ilikuwa ya lazima. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia walipoombwa fedha walisema reli hiyo haitalipa. China ikakubali. Mkataba ulisainiwa Beijing mwaka 1967, mkopo usio na riba, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, reli ikakamilika 1975, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, na kati ya hizo 975 ziko kwetu. Majeshi ya Rhodesia yalilijua vizuri thamani yake: mwaka 1979 yalilipua daraja la mto Chambeshi upande wa Zambia. Hakuna anayepoteza baruti kulipua gofu.

Kutoka Dar hadi Mlimba, kilomita 502, reli ilikuwa imeshatandikwa kufikia mwishoni mwa 1971. Halafu ndipo kazi ilipoanza. Mlimba iko kama mita 550 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko juu kule kwenye baridi, na kati yao kuna kilomita 158 tu za milima iliyokatwa na mabonde, udongo unaoteleza na mvua isiyo na adabu. Reli nzima ina mahandaki zaidi ya 20, na mengi yamebanana kwenye kipande hicho kimoja. Daraja la Mpanga, nguzo zake zina urefu wa kama mita 50. Ukichungulia dirishani unaona vilele vya miti chini yako.

Baba yangu aliajiriwa kibarua hapo mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Hakuwa mtu wa hadithi nyingi. Alichokuwa anatuambia ni kwamba walikuwa wanafungwa kamba kiunoni, kamba inafungwa kwenye kisiki juu, halafu wanateremshwa kutoboa mwamba. Mchina aliyekuwa anawasimamia alikuwa anafungwa kamba kama wao, na alikuwa anakula walichokula. Zaidi ya Wachina 60 walifia kwenye ujenzi wa reli hii, na wengine wamezikwa Gongo la Mboto. Vijana wetu nao walikufa. Baba alirudi nyumbani na vitu viwili: kikombe cha bati cheupe chenye maandishi mekundu ya Kichina, na tabia ya kunywa maji ya moto. Kambini walikuwa hawanywi maji ambayo hayajachemka. Hadi anafariki, hata jua la saa saba liwe kali vipi, alikuwa anamwambia mama amwekee maji ya moto kwenye kikombe kile. Kiko kwangu sasa, mpini umekatika.

Kwa hiyo mtu akiniandikia "gofu", namwelewa kwamba hajapita pale mchana. Kweli reli imechoka. Mataruma ya zege, kokoto, vichwa vya treni, vyote vinataka fedha, na mzigo ulishuka sana kulinganisha na miaka ya themanini. Hata mwanzoni mlima ulikuwa unaitesa: vichwa vya kwanza vya Kichina havikuwa na nguvu ya kuvuta mzigo kamili kupanda kutoka Mlimba, hadi vikaja vile vya Krupp kutoka Ujerumani. Lakini mwaka 2024 serikali tatu, Tanzania, Zambia na China, zilitia saini makubaliano ya kuifufua, na 2025 ukafuata mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina. Watu hawamwagi fedha kiasi hicho kwenye kifusi.

Halafu swali la nani anaitumia. Wazungu wapo, wanapanda daraja la kwanza na kamera zao, na wanakaribishwa. Nendeni daraja la tatu mkaone wenye treni. Mlimba alfajiri kina mama wanakuja na mikungu ya ndizi kichwani, mchele kwenye ndoo, karai la samaki wa kukaanga limefunikwa kanga. Taa ni za tochi, wengine za simu. Treni haijasimama vizuri, tayari mikono iko madirishani, fedha inashuka, ndizi inapanda, na mtu anakimbia na chenji pembeni ya behewa linaloanza kuondoka. Sijawahi kuona chenji hiyo ikibaki. Yule mama ataikimbiza mpaka akufikishie, kwa sababu wiki ijayo utapita tena. Uchindile na vituo vidogo vya kule mlimani, masika yakikolea, treni ndiyo barabara. Mjamzito anapelekwa hospitali kwa treni, mwanafunzi anarudi shule kwa treni, maiti inarudishwa kwao kwa treni. Ndiyo maana kuna treni ya kipisi ya watu wa huku huku, mbali na hizi kubwa za kwenda Zambia. Mimi naipima Tazara kwa watu hawa. Ukiipima kwa saa za basi utaiona haifai, na utakuwa umepima kitu kingine.

Kuna mtu ameuliza kwa nini reli hii isiunganishwe tu na ya kati, mtu apande Mbeya ashukie Dodoma. Upana haulingani. Tazara ni milimita 1,067, sawa na Zambia na nchi za kusini, ile ya kati ya zamani ni 1,000, na ya kisasa ni 1,435. Ndiyo maana Kidatu, zinapokutana, mzigo unahamishwa kutoka behewa hadi behewa.

Turudi kwa mama. Treni za Zambia ni mbili, ile ya haraka inayoitwa Mukuba, neno la Kibemba, lugha ya Zambia, lenye maana ya shaba, na ile ya kawaida, Kilimanjaro, inayosimama karibu kila kituo. Kwa mama chukua ya haraka. Kabla ya yote fika stesheni Dar uhakikishe wiki hiyo ipo, kwa sababu ratiba imekuwa ikibadilika na ukarabati utaibadilisha zaidi. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita. Wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja isipokuwa mmekilipia chote. Kwa hiyo wewe na mama yako mkikata tiketi mbili tu, yeye atalala na kina mama wenzake na wewe kwingine. Usihofu, mama yangu aliwahi kupata rafiki humo ndani, Mnyakyusa wa Tukuyu, na wakaendelea kutumiana viazi na mchele miaka. Ila kama mama anahitaji msaada usiku, nunueni chumba kizima au aende na dada yako. Mwombee kitanda cha chini.

Behewa la chakula lipo, wali kuku au ugali, na chai. Bebeni hata hivyo maji ya kunywa ya kutosha, karatasi ya chooni na tochi. Dawa zake ziwe za siku mbili zaidi ya mnazohesabu.

Na sweta. Watu wa Dar mnasahau sweta. Mtaondoka na jasho la alasiri, alfajiri Mlimba bado kuna joto, halafu ndani ya saa chache mko Makambako na upepo unapenya mpaka mifupani. Baada ya hapo Rujewa na Igurusi kunapoa kidogo makali, lakini reli inapanda tena hadi Uyole, mita 1,789, ambako ndiko juu kabisa kwa reli yote hadi Kapiri Mposhi. Kutoka Uyole mtaanza kushuka taratibu na Mbeya itakuwa mbele yenu. Stesheni iko nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Tunduma. Bajaji na daladala zinangoja hapo nje. Mwambieni huyo mama mdogo asije mapema kuwapokea, asubiri mpige simu mkiwa Uyole.